Jinsi Lukombe Ilivyosikilizwa

Haya, sogeeni. Na kama kuna mtu hapa ametumwa na Wizara, naye asogee. Nikimfukuza leo, kesho ataandika kwamba nilimkumbatia. Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Msiniulize iko upande gani wala bendera yake ina rangi ngapi. Haipo kabisa, na mkiitambua shauri yenu.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na serikali iliyowapiga watu wakisema. Serikali hiyo ikaondoka, ikaja nyingine ya kistaarabu sana, ambayo iliwasikiliza watu mpaka wakanyamaza wenyewe. Ikaunda Wizara ya Usikivu, ikaijengea ghorofa kumi na nne zenye madirisha yasiyofunguka, na Wizara ikatoa waraka: hakuna jambo lolote litakaloamuliwa nchini mpaka wahusika wakae katika vikundi na kulizungumza. Zoezi likaitwa Mazungumzo ya Kutambua Kesho.

Walianzia soko kuu. Wauza samaki wakakaa vikundi sita, na ilipofika saa tisa alasiri wakatambua kwamba soko lao ni la mtoto wa Waziri. Wakaenda gereza kuu. Wafungwa wakazungumza siku mbili, wakatambua kwa kauli moja kwamba vifungo vyao vilikuwa vifupi mno, na kikundi cha nne kikaomba kiongezewe na kazi ngumu. Hata bunge lilikaa katika vikundi, likatambua kwamba hakuna haja ya bunge kukutana. Raha iliyoje kusikilizwa, jamani! Redio ilisema hakuna nchi nyingine duniani yenye masikio makubwa kama hiyo.

Ndipo zamu ikafika Lukombe, kwa Bi. Ketura.

*

Lukombe ni mlimani huko, saa saba kwa gari mpaka hospitali ya wilaya, na hizo saba ni kama mto umekubali kuvukwa. Kuna kanisa la mawe, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha uzazi cha usharika. Vitanda vitano, taa ya umeme wa jua, mzani, na ndani ya kabati la bati kitu alichokithamini Bi. Ketura kuliko vyote: mfuko wa mpira wenye kinyago kidogo, wa kumpulizia hewa mtoto anayezaliwa bila kulia. Unamwekea kinyago usoni, unaminya, unaachia, unaminya, unaachia. Wengi mle Lukombe wanatembea leo kwa sababu ya mfuko ule.

Bi. Ketura alikuwa mkunga tangu msichana, na mzee wa kanisa tangu alipofiwa na mumewe. Nusu ya waumini aliwapokea yeye. Mchungaji mwenyewe, Zakayo Mbanjo, alitoka ametanguliza miguu, na Bi. Ketura ndiye aliyemvuta. Kwa hiyo kila alipomwona mimbarani akiinua mikono, alikuwa akiona vile vidole vidogo vya miguu vilivyotokeza kwanza, na ilimbidi ainamishe kichwa asicheke.

Mwaka ule, hata hivyo, hakuwa na cheko. Mwanawe wa pekee, Obedi, alikuwa amefukiwa na kifusi mgodini. Alimwacha mkewe, Damari, na mimba changa. Bi. Ketura alimhamishia mkwewe nyumbani kwake, akamlisha, akampapasa tumbo kila Jumamosi, na mwezi wa saba akagundua kwamba mtoto amekaa wima, makalio chini kichwa juu. Hakuogopa. Watoto wa namna hiyo alikuwa amewatoa wengi, ila alijua jambo moja: huwa wanachoka njiani, na baadhi yao hutoka wamelegea, hawalii.

"Mama, nitaweza?" Damari alimuuliza.

"Utaweza. Kitanda kipo, taa ipo, mfuko upo, na mimi nipo. Wewe kula."

*

Sasa, kwa nini Wizara iikumbuke Lukombe? Kwa sababu Lukombe ndiko alikozaliwa Mama Mkwe wa Taifa, yaani mama yake mke wa Rais. Bibi huyo alitaka kuja kutazama shamba lake la parachichi kila wikendi, lakini barabara ilikuwa inamuumiza mgongo. Rais, mtu mwenye huruma, badala ya kutengeneza barabara akamnunulia helikopta. Helikopta inataka mahali tambarare pa kutua, na mlima wote ule una mahali pamoja tu palipo tambarare: nyuma ya kanisa, pale penye chumba cha uzazi.

Serikali ya zamani ingeleta tingatinga na askari. Hii ya sasa, thubutu! Ilimleta kwanza Dokta Fulgensi Kitalima, Mwezeshaji Mkuu Daraja la Kwanza, mwenye suti ya kijivu, masanduku mawili ya kalamu za rangi, na mabango makubwa ya karatasi yaliyokunjwa kama mikeka.

Aliwagawa waumini katika vikundi vinne, navyo akavipa majina: Tumaini, Shukrani, Utii na Ndiyo. Bi. Ketura akaangukia Ndiyo. Kisha Dokta akasimama mbele ya madhabahu akasafisha koo.

"Washiriki wapendwa! Kesho haiji hivi hivi. Kesho hutambuliwa. Ikishatambuliwa huchakatwa, ikishachakatwa huwasilishwa, na ikishawasilishwa hurudi kwenu imeiva. Mimi sikuja kuwaambia kitu. Nitazameni vizuri: mimi ni sikio. Mimi ni sikio tupu!"

Bi. Ketura alimtazama vizuri. Aliona mdomo.

Sikio likaendelea kusema kwa saa moja na nusu, kisha likabandika swali ukutani, chini ya picha ya Bwana Yesu: Je, mngependa chumba cha uzazi kipishe maendeleo (a) kwa furaha, (b) kwa shangwe, au (c) kwa shukrani?

*

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Lukombe, maana bila hiyo hamtaelewa maafa yalivyoanza.

Miaka mingi nyuma wazee wawili wa kanisa lile waligombana ibadani juu ya nani alale na ngoma ya kwaya. Wakavunjiana benchi. Tangu siku hiyo ikawekwa sheria kwamba ndani ya nyumba ya Bwana hakuna kubishana, hakuna kumkatiza msemaji, hakuna kusema "hapana." Sasa watu watafanyaje na msemaji anayepotoka? Kinamama wakapata dawa. Mtu akianza kusema upuuzi, mama mmoja huanzisha pambio. Wote husimama, hupiga makofi, huzunguka, huimba kwa bashasha zote, na hawaachi mpaka msemaji akae chini. Pambio lenyewe ni moja tu, "Tulia kwa Bwana, tulia," na mgeni akilisikia ataona watu wamejaa Roho. Lakini Lukombe kuimbiwa ni aibu kubwa. Kuna mhubiri wa mjini aliwahi kuimbiwa dakika arobaini, akashuka mlima usiku uleule na hakurudi. Hata Askofu, ziara yake ya kwanza, aliimbiwa kidogo.

Basi lile swali liliposomwa, Bi. Ketura hakungoja. Alisimama katikati ya kikundi Ndiyo, akapasua sauti: "Tulia kwa Bwana, tuliaaa!" Kanisa zima likalipuka. Vigeregere, makofi, leso hewani. Mama Yunia, kiongozi wa kinamama, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alimzunguka Dokta mara saba akimpigia makofi sentimita chache kutoka puani. Hakuna mtu katika historia ya Lukombe aliyewahi kukataliwa namna ile.

Dokta Kitalima alitabasamu. Akatoa kitambaa, akafuta machozi, akachukua kalamu ya kijani, akaweka alama kubwa kwenye (b).

*

Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba waumini wa Lukombe, walipoombwa kuvunja chumba chao cha uzazi, walilipuka kwa nyimbo na kucheza.

Bi. Ketura aliisikia habari hiyo akichambua maharage. Alisimama, maharage yakamwagika, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mchungaji.

"Zakayo, wewe ulikuwepo! Wewe unajua pambio lile maana yake nini! Mbona hukumwambia?"

"Mama," alisema Mchungaji Mbanjo, akitazama viatu vyake, "ningemwambiaje mgeni wa serikali kwamba tumemwimbia? Ni kumvunjia heshima."

"Heshima! Na chumba kikivunjwa?"

"Kuna duru ya pili, mama. Wamesema mchakato ni shirikishi." Na hapo akashika kola yake nyeupe. "Halafu nimeteuliwa kwenye Baraza la Taifa la Waliosikilizwa. Nikiwa ndani nitawatetea vizuri zaidi."

Bi. Ketura alimwangalia yule mtu aliyemvuta kwa mikono yake miwili kutoka kifoni. Akageuka, akarudi nyumbani kuokota maharage yake.

Duru ya pili, akapita nyumba kwa nyumba: safari hii hakuna kuimba. Mdomo ufungwe. Watu wakakaa katika vikundi vyao kama mawe kuanzia saa tatu mpaka saa nane, hata wenye kikohozi walikohoa puani. Dokta Kitalima alizunguka kwa kunyata, amekunja mikono kifuani, na ripoti ikasema: Kulikuwa na utulivu mkubwa wa kiroho, hakuna aliyepinga.

Duru ya tatu wengi hawakwenda. Ripoti ikasema: Walioridhika waliona hakuna haja ya kuja.

*

Duru ya nne Bi. Ketura alivunja sheria ya babu zake. Alisimama ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya watu wote, akasema, "Hapana."

Mzee mmoja alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa.

"Samahani, bibi?" alisema Dokta.

"Nimesema hapana. Hatutaki. Chumba kisivunjwe. Mkwe wangu atajifungua baada ya wiki sita na mtoto kakaa makalio chini. Na si yeye peke yake, wako kumi na mmoja wenye mimba hapa. Mkivunja mtatuulia watu. Hapana!"

"Vizuri sana!" Dokta alipiga kofi moja la furaha. "Huu ndio ushiriki tunaoutaka. Sasa, bibi, hapana yako ni ya namna gani? Ni hapana ya bado, hapana ya taratibu, au hapana ya kuomba ufafanuzi?"

"Ni hapana ya hapana."

Dokta alifungua fomu yake, akapitisha kidole juu mpaka chini, akaigeuza, akatazama na nyuma. Kwa kweli, msimlaumu, alitafuta kwa moyo wote.

"Haina kisanduku," alisema kwa masikitiko.

"Kichore!"

"Bibi yangu, fomu hii ilipitishwa na wataalamu kutoka wizara tano. Haiwezekani mtu mmoja mlimani aamke na kisanduku." Alimwekea mkono begani. "Lakini nimekusikia. Unaniona ninavyokusikia? Nimekusikia mpaka hapa." Akajigusa tumboni.

"Toa mkono," alisema Bi. Ketura.

Akarudia "hapana" mara nane zaidi, kila moja kwa sauti kuliko iliyotangulia, na kila alipoisema Dokta aliitikia kwa kichwa na kuandika. Baadaye Mama Yunia, aliyekuwa amekaa nyuma ya Dokta, aliwaambia wenzake kilichoandikwa. Kiliandikwa hivi: Mshiriki mmoja mwenye umri mkubwa aliomba ufafanuzi, akapewa, akashukuru.

*

Tingatinga lilikuja Jumanne. Lilichukua dakika kumi. Bi. Ketura alisimama mbele yake na gauni jeupe la kazi, akabebwa na askari wanne kwa adabu kubwa, wakimwita mama, wakimwambia aangalie mguu. Mahali pa vitanda vitano pakamwagwa zege, juu yake ikachorwa duara jeupe. Helikopta ikatua Jumamosi. Mama Mkwe wa Taifa akashuka, akapunga mkono, akasema amefurahi sana kuona watu wa kwao wanavyojitolea, akapanda tena akaenda kuzitazama kutoka angani parachichi zake, ambazo ziko mwendo wa dakika sita kwa miguu.

Na vifaa? Vitanda, taa, mzani, mfuko wa mpira, vyote vilitiwa ndani ya kontena la bluu kando ya kanisa, likafungwa kwa kufuli na lakiri nyekundu ya Wizara. Wakawekwa askari wawili wenye bunduki. Ilielezwa kwamba hatima ya vifaa hivyo haikuwa imetambuliwa bado, na lakiri haiwezi kukatwa bila mazungumzo ya vikundi.

Bi. Ketura aliwafuata askari siku tatu mfululizo. "Sitaki vitanda. Sitaki taa. Nipeni mfuko mmoja wa mpira, uko kabati la bati, mkono wa kulia. Mkwe wangu yuko karibu."

"Mama, sisi tunakuelewa," walisema. "Lakini ni lakiri."

Akatafuta gari la kumpeleka Damari wilayani mapema. Mto ulikuwa umekataa. Akamwandikia Mchungaji barua, akajibiwa kwamba yuko mji mkuu kwenye semina ya shukrani.

*

Uchungu ulimshika Damari wiki mbili kabla ya siku zake, asubuhi ya siku yenye Mazungumzo ya Kufunga Mazungumzo. Watu wote walikuwa wameitwa kanisani. Dokta Kitalima alikuwa amefika, Mchungaji amerudi na tai mpya, na Mama Mkwe wa Taifa alikuwa anatarajiwa saa sita kupokea ripoti ya mwisho.

Nyumbani kwa Bi. Ketura kulikuwa na giza. Aliamua kumpeleka Damari kwenye chumba kidogo cha kuvalia majoho ubavuni mwa madhabahu, chenye dirisha kubwa na meza imara. Akatandika kanga juu ya meza. Mlango wa mbao kati yao na kanisa ulikuwa mwembamba, na kila kilichosemwa upande ule kilisikika.

"Sukuma sasa, mama. Sukuma. Usinitazame mimi, sukuma."

"Nimechoka."

"Najua. Chokea mbele."

Makalio yakaja, kisha miguu, kisha mgongo, kisha mikono mmoja mmoja, polepole, kama alivyokuwa amefanya mara nyingi. Kichwa kikakwama. Bi. Ketura alikizungusha, akakiinua, akamwomba Mungu kwa jina la Obedi, na kichwa kikatoka. Mtoto wa kiume. Alikuwa na nyusi za Obedi zilizokutana katikati.

Hakulia. Alikuwa wa bluu, amelegea. Lakini Bi. Ketura alipoweka vidole viwili kwenye kitovu, alihisi mapigo. Moyo ulikuwa unapiga.

"Mama Yunia!" aliita kwa sauti ya kupasua mlango. "Nileteeni mfuko! Mtoto yuko hai! Vunjeni kontena, nileteeni mfuko!"

Akamfuta mtoto, akamsugua mgongo, akainama, akafunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, akapuliza. Kifua kidogo kikainuka. Akahesabu, akapuliza tena. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kibovu tangu nimonia ya mwaka wa njaa, na alijua hataweza kwa muda mrefu.

Ng'ambo ya mlango alisikia benchi zikianguka, watu wakikimbia, kisha mlio wa bunduki ikikokiwa, kisha Mama Yunia akipiga kelele, "Hatua hamsini! Mfuko uko hatua hamsini tu! Jamani mna mama nyie?"

Kisha sauti ya Dokta Kitalima, tulivu, yenye furaha ya kweli.

"Washiriki, washiriki! Rudini mketi. Hii ni hoja iliyotoka kwa wananchi wenyewe, na ndiyo tulikuwa tunaisubiri. Hatutachelewa. Tunahesabiana haraka tuingie vikundini. Anzia hapa. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili..."

Moja, alihesabu Bi. Ketura. Mbili. Akapuliza.

"Hatutaki vikundi!" watu walifoka. "Fungua! Wote tumekubali, fungua!"

"Nimewasikia. Sasa tuliandike hilo kikundi kwa kikundi, na kila kikundi kitoe sababu zisizopungua tatu. Chagueni mwenyekiti na katibu."

"Jamani, tukaeni," ilikuwa sauti ya Mchungaji Mbanjo, inatetemeka. "Tukaeni kwenye vikundi tumalize upesi. Tukibishana tutachelewa zaidi."

Na wakakaa. Nawaambia wakakaa, kwa sababu bunduki zilikuwa mbili na kontena lilikuwa la chuma, na kwa sababu walidhani kwa kukaa watamwokoa mtoto mapema. Bi. Ketura alizisikia benchi zikivutwa. Alisikia kalamu zikikwaruza karatasi, alisikia vilio, alisikia mtu akisema kikundi Ndiyo hakina katibu kwa sababu katibu wao ndiye huyo aliye chumbani. Alipuliza. Jasho lilimwingia machoni. Kitovu chini ya vidole vyake kilipiga, kikasita, kikapiga.

"Mama," alisema Damari kutoka mezani, "mbona halii?"

"Atalia. Nyamaza, mwanangu."

Kikundi Tumaini kikawasilisha. Kikundi Shukrani kikawasilisha. Kikundi Utii kiliombwa kirudie sababu ya pili, kwa kuwa ilifanana mno na ya kwanza. Hasira ilimjaa Bi. Ketura mpaka meno, lakini hasira haina hewa, akaimeza, akapuliza. Kifua chake kilikuwa kinawaka. Kitovu kikapiga. Akangoja. Akapuliza, akangoja, akapuliza tena mara ishirini bila kuhesabu, na vidole vyake havikuhisi chochote.

"Tumetambua!" ilisema sauti ya Dokta. "Kwa kauli moja, kontena lifunguliwe! Dakika ishirini na sita tu, washiriki. Jipigieni makofi."

Hakuna aliyepiga. Ilisikika miguu ya mtu mmoja akikimbia nje, halafu lakiri ikikatwa.

*

Bi. Ketura alimviringisha mtoto kwenye kanga, akauacha uso wazi. Alimbusu Damari kwenye paji la uso, akausukuma mlango.

Watu walipomwona alivyombeba, walijua. Mama Yunia, aliyekuwa ndio kwanza anaingia mbio na ule mfuko wa mpira, alisimama mlangoni, akaukumbatia kifuani. Mchungaji alijifunika uso. Bi. Ketura alipita katikati ya vikundi vyote vinne mpaka kwenye meza ya Dokta Kitalima, akasukuma kalamu zikaanguka, akamlaza mtoto juu ya ripoti.

"Andika," alisema.

Dokta alimtazama mtoto. Nataka niwe mkweli kwake: rangi ilimtoka usoni. Lakini mtu hufanya anachokijua. Aliinama, akaokota kalamu, akatafuta ukurasa ulio safi, akaugawa katikati kwa mstari.

"Pole sana, bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa huyu... tumweke kwenye mafanikio, au kwenye changamoto?"

Angani ilianza kusikika helikopta.

Bi. Ketura hakumpiga. Wengi walitarajia atampiga, na mpaka leo wako wanaomlaumu. Alimnyang'anya kalamu, akaitupa. Akamnyanyua mjukuu wake kutoka mezani, akamweka Dokta mikononi, akamkunja viwiko vyake jinsi wanavyokunjwa kina baba wanaobeba mtoto kwa mara ya kwanza.

"Kichwa kishike. Hivyo. Anaitwa Obedi," alisema. "Mama yake yuko nyuma ya mlango ule, na tangu ajifungue anauliza kwa nini mtoto halii. Mimi nimeshindwa kumjibu. Nenda kamjibu wewe."

"Bibi, mimi..."

"Nenda."

Akatangulia mwenyewe mpaka mlangoni, akaufungua, akausimamia wazi kwa mgongo wake, na akamngoja apite.